Nina akiba ya mishahara 12, na bado naishi kwa mkopo

Mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 6. Nina miaka 38, nimeajiriwa, na mume wangu naye ameajiriwa. Sitataja kiasi kamili cha fedha kwa sababu wapo wanaonijua watakaosoma barua hii. Nitapima kila kitu kwa mshahara wangu wa mwezi mmoja.

Tangu nianze kazi nimekuwa mtu wa kuweka akiba, na sifichi, najivunia. Nina mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa masomo ya watoto: una mishahara 6, uko kwenye amana ya muda maalumu inayolipa riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Wa pili ni wa nyumba: mishahara 4, akaunti ya akiba ya asilimia 3. Wa tatu ni wa dharura: mishahara 2, benki hiyohiyo na riba hiyohiyo. Kila mfuko una akaunti yake na sijawahi kuuchanganya na mwingine hata siku moja. Mama yangu alikuwa akiweka fedha kwenye bahasha, kila moja imeandikwa jina lake juu, na ole wako uguse bahasha isiyohusika. Nimelelewa hivyo.

Mwaka juzi injini ya gari letu ilikufa. Nikachukua mkopo benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Unaweza kuuliza kwa nini sikutumia mfuko wa dharura. Niliona gari si dharura ya kweli, dharura ni ugonjwa. Mkopo huo umebaki mishahara 3, na marejesho yake yanakula asilimia 17 ya mshahara wangu kila mwezi.

Mwanzoni mwa mwaka huu mume wangu alicheleweshewa mshahara miezi mitatu mfululizo. Hapo ndipo nilipoanza kukopa kwa simu. Kidogo tu, nikiamini nitalipa mwisho wa mwezi. Kisha nikakopa tena kulipa wa kwanza. Riba ni asilimia 4 kwa mwezi, na leo nadaiwa mshahara mmoja na nusu. Marejesho yake ni asilimia 12 ya mshahara. Mkopo wa benki mume wangu anaujua. Huu wa simu haujui, na nimekuwa nikifuta ujumbe wa kukumbushwa kabla hajauona.

Sasa kuna mfanyakazi mwenzangu amejiunga na kikundi kinachofanya biashara ya fedha za kigeni. Anayeendesha analipa asilimia 5 kila mwezi, bila kukosa. Mwenzangu ameshalipwa mara tatu, nimeuona muamala kwa macho yangu. Nimepiga hesabu: nikiweka mfuko wa nyumba wote, mishahara 4, kila mwezi nitapata asilimia 20 ya mshahara. Faida hiyo italipa sehemu kubwa ya marejesho, na mfuko wa nyumba utabaki mzima. Sitakuwa nimegusa kitu.

Mume wangu, nikimgusia habari za kuwekeza, hataki kusikia. Miaka kadhaa iliyopita rafiki yake alimdokezea hisa za kampuni fulani, akanunua, zikaporomoka. Tangu hapo msimamo wake ni kwamba hisa ni kamari ya watu waliovaa suti.

Lililonifanya nikuandikie ni binti yangu. Wiki iliyopita alikuwa anacheza na simu yangu, ujumbe wa deni ukaingia. Akauliza, "Mama, kwani hatuna hela?" Nikamwambia tunazo. Akasema, "Sasa kwa nini tunadaiwa?" Nilikosa la kumjibu.

Mwenye Mifuko Mitatu


Dada yangu,

Nimepiga hesabu ya barua yako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Akiba yako yote, mishahara 12, inakuingizia kwa mwaka riba isiyozidi asilimia 60 ya mshahara mmoja. Madeni yako, mishahara 4 na nusu tu, kwa kasi ya leo yanakugharimu mshahara mmoja na robo kwa mwaka. Akiba imelizidi deni zaidi ya mara mbili, na bado kila mwaka unabaki na pengo la karibu theluthi mbili za mshahara. Kwa lugha nyingine, kila mwaka unafanya kazi kama wiki tatu ili mifuko yako isiguswe.

Hujakosa nidhamu. Ingekuwa nidhamu, ningekuandikia mistari mitano na kuimaliza barua hii. Wewe unayo nyingi, ila umeielekeza kwenye majina ya mifuko. Mwanauchumi wa Marekani Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2017, alitumia miaka mingi kuichunguza tabia hii: kichwani tunazigawa fedha kwa majina, kisha tunaliheshimu jina kuliko fedha yenyewe. Mimi siidharau tabia hiyo. Bila bahasha za mama yako usingekuwa na mishahara 12 leo. Wateja wangu wengi wenye vipato vikubwa kuliko chako hawana hata miwili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe daftari unalo. Tatizo ni kwamba lina kurasa tatu za akiba na halina ukurasa wa deni.

Kuna hesabu ya haraka ambayo Luca Pacioli, mtawa wa Italia, aliiandika tangu mwaka 1494, nasi mpaka leo tunaitumia: gawa 72 kwa kiwango cha riba, utapata muda ambao fedha huchukua kuongezeka maradufu. Deni lako la simu ni asilimia 4 kwa mwezi. 72 kwa 4 ni 18, maana yake likiachwa bila kulipwa, riba juu ya riba, litakuwa mara mbili ndani ya miezi 18. Mfuko wako wa nyumba unalipwa asilimia 3 kwa mwaka. 72 kwa 3 ni 24. Miaka. Fedha zako zinatembea kwa miguu, deni linapanda pikipiki, na vyote viwili viko nyumba moja.

Kwa hiyo kabla ya kuniuliza uwekeze wapi, jua kwamba uwekezaji bora ulio mbele yako leo ni kulipa deni hilo. Hakuna mahali halali patakapokuhakikishia asilimia 4 kwa mwezi, lakini ukilimaliza deni unaacha kuilipa, na huko kuacha kulipa hakuna hatari yoyote ndani yake. Na angalia unacholipa sasa: kwenye mshahara mmoja na nusu, riba ya mwezi ni asilimia 6 ya mshahara wako. Rejesho lako ni asilimia 12. Nusu ya kila unachotuma inaishia kwenye riba.

Toa mshahara mmoja na nusu kwenye mfuko wa nyumba, maliza deni la simu, kisha ufute programu zenyewe kwenye simu, si ujumbe tu. Mfuko wa nyumba utabaki na mishahara 2 na nusu. Hiyo nayo ipeleke kwenye mkopo wa benki, ambao utashuka kutoka 3 hadi nusu mshahara. Asilimia 29 ya mshahara uliyokuwa ukigawa kwa wadai wawili sasa yote iende huko, na ndani ya miezi miwili mkopo wa benki umekwisha. Usiache kutoa ile asilimia 29 baada ya hapo. Iendelee kutoka kila siku ya mshahara kama vile bado unadaiwa, ila sasa iingie kwenye mfuko wa nyumba. Miezi 14 baadaye mfuko huo utakuwa umerudi kwenye mishahara 4. Jumla ni miezi 16 na hudaiwi na mtu. Mfuko wa dharura hatujaugusa, na wa masomo hatujaugusa. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu najua ukisikia nimetaja mfuko wa watoto utaifunga barua hii. Kihesabu amana ya asilimia 7 nayo ingefaa kuulipa mkopo wa asilimia 18, lakini kuivunja kabla ya muda kwa kawaida hupoteza riba, na kwa deni la miezi miwili haina haja.

Kabla ya kupeleka hata senti benki, kuna swali moja la kuuliza, na liulize kwa maandishi: riba yangu inahesabiwa juu ya salio linalobaki, au juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho? Watu wengi wanasaini bila kujua tofauti, nami siwalaumu, maana karatasi zenyewe zimeandikwa kana kwamba msomaji ni adui. Asilimia 18 juu ya salio ni asilimia 18. Asilimia 18 juu ya mkopo wote wa mwanzo, huku ukiendelea kuupunguza kila mwezi, ni ghali zaidi sana. Kwa mkopo wa mwaka mmoja riba halisi inakaribia asilimia 32. Swali la pili linafuata: nikimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa, au naidaiwa yote? Na kuna faini ya kumaliza mapema? Wapo wakopeshaji wanaodai riba yote hata ukilipa kesho. Benki yako ikiwa ya namna hiyo, kuharakisha hakukuokolei kitu, na ushauri wangu unageuka: maliza la simu, mkopo wa benki uulipe kwa ratiba yake, na ile mishahara 2 na nusu ibaki ilipo au iende kwenye amana yenye riba nzuri zaidi. Ndiyo maana nakuomba uulize kwanza.

Kuhusu gari na dharura. Mfuko wa dharura ni kwa ajili ya jambo usilolipanga, lisiloweza kusubiri. Injini iliyokufa ya gari linalowapeleka kazini ni dharura. Mshahara wa mume uliokwama miezi mitatu ni dharura, tena ndiyo hasa dharura yenyewe. Umeulinda mfuko huo mpaka haukukusaidia siku mbili ulipohitajika. Mishahara 2 ni kidogo kwa familia ya watu wanne ambayo mwajiri mmoja ameshaonyesha anaweza kuchelewesha. Mkishamaliza madeni, ukuzeni ufike matumizi ya miezi minne au mitano. Na ukiutumia, usijione umeshindwa.

Sasa kikundi cha mwenzako. Hakudanganyi, amelipwa kweli mara tatu. Hapo ndipo ugumu wa kumshawishi mtu ulipo, kwa sababu mwenye ushahidi wa muamala anamwona mshauri kama mtu mwenye wivu.

Asilimia 5 kwa mwezi, faida ikiachwa ndani, inaifanya moja kuwa 349 kwa miaka 10. Mtu mwenye uwezo huo hana haja ya mishahara yako 4. Angekwenda benki akakopa kwa asilimia 18 kwa mwaka kama ulivyokopa wewe, abaki na tofauti yote peke yake, na baada ya miaka michache benki ndiyo ingekuwa inakopa kwake. Anapokuja kwa wafanyakazi wa ofisini, mmojammoja, kwa kupitia marafiki, ni kwa sababu benki ingemwomba mahesabu yaliyokaguliwa.

Mwaka 1920, mjini Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Maelezo yake yalikuwa na chembe ya ukweli: alisema ananunua kuponi za posta za kimataifa nchi ambako ni rahisi, na kuzibadili Marekani ambako zina thamani zaidi. Kuponi hizo zilikuwepo na tofauti ya bei ilikuwepo. Ila kwa fedha alizokusanya zingehitajika kama milioni 160, wakati zilizokuwa kwenye mzunguko zilikuwa takriban 27,000. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Walilipwa kwa wakati, na kila aliyelipwa akawa mpiga debe asiyelipwa. Mwenzako yuko hapo.

Neno jingine la barua yako lililonisimamisha ni "bila kukosa". Soko la fedha za kigeni hupanda na kushuka kila siku. Anayefanya biashara humo atapata mwezi mzuri, mwezi mbaya na mwezi wa machozi. Faida ileile, asilimia ileile, kila mwezi, haitoki sokoni. Bernard Madoff wa New York hakuahidi hata robo ya hicho ulichoahidiwa. Aliwaonyesha wateja faida ya wastani tu, tulivu, mwaka baada ya mwaka, na utulivu huo ndio uliowavuta hata watu wenye elimu kubwa ya fedha. Soko lilipoanguka mwaka 2008 wateja wakataka fedha zao kwa pamoja, hazikuwepo. Alikamatwa Desemba mwaka huo, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka 150.

Mwombe mwenzako afanye jambo moja, kwa upendo kabisa: aombe kutoa fedha zake zote, mtaji na faida, siku moja. Si faida ya mwezi, yote. Akipewa, mtaji wake umepona na amepata bahati. Akiambiwa asubiri, alipe kwanza ada ya kutoa, au alete watu wawili, amepata jibu mapema kuliko wengine. Na muulizeni mwendeshaji namba ya leseni yake, kisha msiishie kwenye karatasi atakayoonyesha. Iulizeni mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji kama inamjua.

Mume wako sasa. Ukimsomea barua hii, mwambie nimesema ana haki kwa nusu. Kununua hisa za kampuni moja kwa kudokezwa na rafiki ni kamari kweli, hata kampuni iwe kubwa namna gani. Enron ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za Marekani. Kabla haijafilisika Desemba 2001, zaidi ya nusu ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wake katika mfuko wa kampuni ilikuwa kwenye hisa za Enron yenyewe. Walipoteza kazi na uzee kwa wakati mmoja. Wengi walikuwa watu waangalifu waliowekeza kwenye kitu walichodhani wanakijua.

Nusu ambayo hana haki ni kuifanya kampuni moja iwe soko zima. Mwaka 1976 Mmarekani John Bogle alianzisha mfuko wa uwekezaji, yaani ule ambamo watu wengi huchanga fedha zikanunua hisa kwa pamoja. Ulikuwa wa kwanza uliofunguliwa kwa wawekezaji wa kawaida ambao haukujaribu kuchagua hisa nzuri kabisa. Ulifuata fahirisi ya soko tu, yaani orodha ya kampuni ambazo bei za hisa zao hupima mwenendo wa soko: nunua kidogo katika kila kampuni kubwa iliyomo, kaa nazo, toza ada ndogo. Walitarajia kukusanya dola milioni 150, zikapatikana takriban milioni 11, na watu wakauita upuuzi wa Bogle. Leo mifuko ya aina hiyo inashikilia matrilioni ya dola duniani. Kampuni moja ikifa ndani yake, mamia ya nyingine zinaendelea.

Ila simfichi mumeo upande wa pili, maana washauri wengi huuficha. Soko zima nalo huanguka. Hisa za kampuni kama 500 kubwa za Marekani zilizomo kwenye fahirisi ya S&P 500 zilishuka kwa zaidi ya nusu kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, na ilichukua mpaka 2013 fahirisi kurudi ilipokuwa. Japani ni mfano mkali zaidi: fahirisi ya Nikkei ilifika kilele siku za mwisho za mwaka 1989, na haikukipita tena mpaka Februari 2024. Zaidi ya miaka 34. Aliyeweka kila kitu nchi moja, siku moja, karibu na kilele, alizeeka akisubiri. Kwa hiyo mfuko uwe na kampuni za nchi nyingi kadiri sheria na benki zenu zinavyoruhusu, fedha ziingie kidogo kidogo kila mwezi na si siku moja, na iliyo ya karibu isiingie kabisa. Kipimo changu ni kikali: fedha utakayoihitaji ndani ya miaka mitatu haina kazi kwenye hisa, hata soko liwe tamu vipi. Mfuko wa nyumba, kama mnataka kununua karibuni, ubaki kwenye amana au dhamana za serikali za muda mfupi, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa muda mfupi.

Mfuko wa masomo ni tofauti. Mkubwa ana miaka kama 9 kabla ya chuo, mdogo 12. Asilimia 7 si mbaya, lakini iweke kando ya mfumuko wa bei: bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, umebakiwa na 2 tu za kweli, na ada za vyuo hazina desturi ya kungoja mshahara wa mtu. Amana ikiiva, usiirudishe yote palepale. Ningeweka nusu kwenye hatifungani za serikali, yaani mikopo ya miaka mingi unayoipa serikali nayo ikakulipa riba, ambazo tarehe za kuiva zinakaribia miaka ya kuanza chuo, na nusu kwenye mfuko wa pamoja wa hisa unaofuata fahirisi, uingie kwa awamu ndani ya mwaka mmoja. Miaka mitatu kabla ya kila mtoto kuanza, sehemu yake ianze kuhama kutoka hisa kwenda mahali patulivu.

Kwa nini nusu na si zaidi, wakati kitabuni miaka 12 ingeruhusu zaidi? Kwa sababu ya mumeo. Niliwahi kumpangia mteja mseto wa uwekezaji, yaani mgawanyo wa fedha kati ya hisa na mahali patulivu, mzuri sana kwenye karatasi, hisa nyingi, maana alikuwa na miaka mingi mbele. Mapema mwaka 2009 alinipigia simu usiku akaniambia niuze kila kitu. Nilimbembeleza wiki mbili, nikashindwa. Aliuza karibu na siku ambayo soko lilifika chini kabisa, na hakurudi tena. Kosa halikuwa lake. Nilimpa mseto unaofaa umri wake, haukufaa tumbo lake. Mseto wenu uwe ule ambao nyinyi wawili hamtaukimbia.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka, wewe lipitie polepole: ada ya usimamizi. Tuseme uwekezaji unakua asilimia 8 kwa mwaka kabla ya ada. Mfuko mmoja unatoza asilimia 2, mwingine 0.3. Baada ya miaka 25, moja uliyoweka itakuwa 4.3 kwenye wa kwanza na 6.4 kwenye wa pili. Theluthi ya fedha yako imeondoka kwa tofauti ambayo kwenye fomu imeandikwa kwa herufi ndogo. Na mtu yeyote atakayekushauri mfuko fulani, mimi nikiwemo, muulize analipwa na nani. Nilianza kazi hii nikilipwa kamisheni, na nakuambia bila kuzunguka: bidhaa iliyonilipa vizuri zaidi ndiyo niliyoiona inafaa wateja wengi zaidi. Sikuwa mwongo. Niliamini kabisa, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka.

Nimeacha siri ya mkopo wa simu mpaka hapa kwa sababu si hesabu. Mwambie kabla hujahamisha fedha, si baada. Ukilipa kwanza ndipo useme, ataona mfuko wa nyumba umepungua na kilichobaki kitakuwa maelezo tu. Keti naye ukiwa na karatasi moja: upande mmoja akiba zote tatu, upande mwingine madeni yote mawili, na chini yake ile miezi 16. Mkumbushe ulianza kukopa mshahara wake ulipokwama. Usiseme kwa kumlaumu, sema ili ajue zilikokwenda. Yeye alipopoteza kwenye hisa wewe ulijua. Ni haki naye ajue hili. Sikuahidi kwamba hatakasirika.

Na binti yako anastahili jibu, kwa sababu swali lake lina akili kuliko maswali mengi ninayolipwa kuyajibu. Mwambie mama aliweka fedha kwenye bahasha tatu, akasahau kwamba bahasha zote ni zake. Kisha siku ya kulipa, mwite akae karibu uhamishe fedha akiona, salio la deni likisoma sifuri.

Ukishapata majibu ya benki kuhusu riba na kumaliza mapema, niandikie tarakimu hizo kabla ya kusaini chochote. Nitazipiga hesabu tena.